Hospitali zilizotelekezwa: picha sawa, lakini kadi za wagonjwa je?

Wadau, huu mjadala wa vijana wanaoingia kwenye hospitali zilizofungwa na kupiga picha vitanda, chupa za dawa na mafaili naona umegawanyika, kuna wanaosema wapigwe marufuku kabisa wanachezea maumivu ya watu, na kuna wanaosema jengo lishatupwa, halina mwenyewe, picha haimuui mtu. Mi nilikuwa kundi la pili mpaka mwaka juzi.

Tuliingia na binamu yangu kwenye zahanati ya zamani ya shamba moja la mkonge huko Tanga, mlinzi alituruhusu kabisa. Bati nusu limeng'oka, popo kibao, kitanda cha kujifungulia kimeoza kwa kutu, na ile sufuria ya kuchemshia sindano bado iko mezani na kifuniko chake. Kwenye kabati kulikuwa na kadi za kliniki, mchwa wameshakula pembeni. Moja ya mtoto mchanga, uzito umeandikwa kila mwezi kwa kalamu ya bluu, unapanda, unapanda, halafu miezi miwili unashuka, halafu hakuna kitu tena. Juu jina la mama. Nikapiga picha nikaiposti nayo ikasambaa. Baada ya wiki dada mmoja akaniandikia inbox, "Kaka, huyo ni bibi yangu, na huyo mtoto nyumbani hatumtaji." Nilifuta palepale lakini watu walishaisevu, na hilo siwezi kulirudisha.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, jengo piga, kitu chenye jina la mgonjwa usioneshe. Na msiniambie eti bila jina picha itapoa. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Willard, jimbo la New York, ilipofungwa 1995 walikuta darini masanduku zaidi ya 400 ya wagonjwa waliolazwa hapo zamani, na mpiga picha Jon Crispin alipokuja kuyapiga picha sheria za jimbo hazikumruhusu kutoa majina ya ukoo, lakini ukiangalia nguo zilivyokunjwa na barua zilizotunzwa mle, jina la ukoo hulikumbuki hata kidogo.

Hata kwetu mfano upo. Kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, walikianzisha Wajerumani 1902, baadaye kikawa cha malaria. Mpiga picha Mrusi, Evgenia Arbugaeva, alipoenda pale hakuvizia magofu tu, alikaa na mzee aliyewahi kufanya kazi maabara, akamsikiliza, na huyo mzee ndiye amebeba zile picha. Tofauti iko hapo, una mwenyeji au umeruka ukuta usiku?

Ila wanaotaka marufuku nao waniambie, mbona hamumuulizi aliyeondoka akaacha vitu? Goiânia, Brazili, kliniki ya mionzi ilihama ikaacha mashine yake ndani, Septemba 1987 watu wawili wakaenda kuichukua wauze chuma chakavu, kumbe ndani kuna sizia-137, kitu chenye mionzi ya kuua, unga unaong'aa bluu gizani, majirani wakagawana kama kitu cha thamani na watoto wakauchezea. Wakafa watu 4, mmoja binti wa miaka 6, na zaidi ya watu 112,000 wakapimwa. Hapo mwenye kosa la kwanza ni aliyeokota? Mimi nasema ni aliyefunga mlango akaondoka. Na ndiyo maana hata kama una kamera nzuri namna gani, usiguse chupa wala mashine usiyoijua.

Zile kadi bado ziko kwenye lile kabati, nimempigia mlinzi juzi anasema mvua za vuli zinaingia moja kwa moja. Shamba lilishauzwa, mwenye shamba mpya anasema zahanati haimhusu. Kama kuna mtu humu amefanya kazi masjala ya afya wilayani, naomba aniambie niende ofisi gani na nibebe barua ya nani, maana nataka zitolewe pale kabla hazijaozea sakafuni.