Fosfeti ya mkojo wa mama imetoka 260, jirani anasema figo zimekufa. Naombeni ushauri

MtotoWaMwaloni
Wakuu, mwangaluka. Niko Kirumba, Mwanza. Mama yangu ana miaka 58, anauza dagaa pale Mwaloni. Tangu mwaka jana analalamika mifupa, hasa mapaja na kiuno. Akipanda kile kilima cha kwenda kwake anapumzika mara tatu. Daktari kaagiza damu na mkojo wa saa 24. Mkojo umejibu: fosfeti (madini ya kwenye chakula na mifupa) miligramu 260 kwa siku, pembeni wameandika kawaida ni 400 hadi 1,300. Damu bado. Jirani kaisoma karatasi, katamka kwamba figo zimeshakufa, na mama hajala tangu jana jioni. Kwa daktari tunarudi Alhamisi. Ni kweli figo? Na dagaa aache?

SangaraMkavu
Mlonge mkuu. Mbegu tatu kila asubuhi, utanishukuru.

ChakiYaMaabara
Mlonge uwekeni kando kwanza. Mimi ni mtu wa maabara, si daktari, nitajibu la upande wangu tu. Ujazo wa mkojo umeandikwa kiasi gani?

MtotoWaMwaloni
Mililita 650.

ChakiYaMaabara
Hapo ndipo napata shaka. Mashine haipimi dumu zima. Tunachota kidogo, inatuambia kuna miligramu ngapi kwenye kila desilita, halafu tunazidisha kwa ujazo wote. Yenu ilisoma 40. Mara desilita 6.5 ndiyo hiyo 260. Sasa kama nusu ya mkojo haikuingia kwenye dumu, jibu limekatwa nusu na figo hazina kosa.

Muulize mama taratibu, bila kumgombeza. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ya siku ya kwanza unamwagwa chooni, saa inaandikwa. Kuanzia hapo kila tone linaingia dumuni, hata la usiku, mpaka mkojo wa kwanza wa kesho yake saa ileile. Huo wa mwisho unaingia pia, na ndio watu wengi wanausahau. Dumu likae kwenye ubaridi. Wengine hupewa dumu lenye asidi kidogo chini. Msiimwage mkidhani ni maji machafu, na isimguse ngozi.

NesiMstaafu_Nyegezi
Mwanangu, mwambie mama ale. Figo zikishindwa kazi, fosfeti hubaki kwenye damu na kupanda huko, na kreatinini ya damu, ile taka ya misuli inayochujwa na figo, hupanda nayo. Kwa hiyo namba ya mkojo peke yake haimhukumu mtu. Subirini ya damu.

Daktari atazisoma zote mbili pamoja, ya damu na ya mkojo. Fosfeti ya damu ikiwa chini, figo zenye afya huibana isitoke, mkojoni inatoka chini ya miligramu 100 kwa siku. Ikiwa chini kwenye damu na bado mkojoni inamwagika, basi figo zinavujisha, au zile tezi ndogo za shingoni, parathiroidi, zinafanya kazi kupita kiasi. Ndiyo maana atataka pia kalsiamu na vitamini D, maana mifupa inayouma ina mambo mengi.

Nyingine: mama anatumia dawa gani? Za kiungulia zenye alumini hushika fosfeti tumboni, mkojoni ikapungua. Zipo pia dawa za kila siku zinazoweza kuzifanya figo zivujishe. Aende nazo zote kwa daktari, hata zile asizopenda zionekane, ila asiache hata moja kwa sababu ya uzi huu.

Kijana_wa_Igoma
Mimi karatasi yangu iliandikwa "chembechembe za fosfeti" nikakaribia kuandika wosia.

ChakiYaMaabara
Hicho ni kitu kingine, mkuu. Hizo ni chembe zinazoonekana kwenye darubini, mkojo ukiwa na alikali (kinyume cha asidi) huwa unatia ukungu, na mara nyingi hazina neno. Kipimo cha saa 24 kinahesabu kiasi.

MtotoWaMwaloni
Nimerudi. Nimemuuliza, kacheka kwanza. Siku ile alishinda sokoni tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nane mchana, na choo cha sokoni kaenda mara mbili au tatu. Dumu lilibaki nyumbani. Anasema, "Nikae na dumu la mkojo katikati ya dagaa, nani atanunua?" Na dawa ya kiungulia anainywa, tena kila siku. Vipi kuhusu dagaa sasa?

NesiMstaafu_Nyegezi
Dagaa wanaliwa na mifupa yake, wana fosfeti nyingi kweli, lakini siku ya kipimo ale kama anavyokula siku zote. Akibadilisha chakula mtapima chakula kigeni. Daktari mwambieni habari ya dumu na ya kiungulia kabla hajaisoma hiyo 260. Kurudia aamue yeye.

ChakiYaMaabara
Mkirudia, omba na kreatinini ya mkojo wa dumu hilohilo. Ikiwa ndogo mno kwa uzito wake, tutajua kuna mkojo uliopotea.

MtotoWaMwaloni
Asanteni sana. Kala ugali sasa hivi. Tukiambiwa turudie itakuwa Jumapili, haendi sokoni, na barafu ya kuwekea dumu tunayo, si ya samaki hii. Kasema niandike jina lake ubavuni, na chini yake kwa herufi kubwa: SI MAFUTA YA KUPIKIA.