Tabibu wa Ayurveda kanipangia chakula kwa ajili ya kiungulia, nifuate lipi?

Mwanafunzi_Pune:
Habari zenu wakuu. Niko Pune, India, kimasomo. Tangu nihamie hosteli kiungulia hakiniachi. Nikilala tu kifua kinawaka na uchachu unapanda mpaka kooni. Wenzangu wakanipeleka kwa vaidya, yaani tabibu wa Ayurveda. Akanishika mshipa wa mkono, akatazama ulimi, akasema pitta yangu imezidi. Niache pilipili, achari, siki na nyanya. Mtindi usiku marufuku, samaki na maziwa visikutane. Mlo mkubwa niule mchana, jioni nile mapema kichri ya choroko yenye samli. Kanifungia na vidonge vyeusi kwenye karatasi, havina jina wala lebo. Sijavimeza. Naombeni ushauri, nifuate yote au nichague?

Bint_Kisutu:
Pole kaka. Kwetu Wagujarati hayo tumekuzwa nayo. Ayurveda inasema mwili unaendeshwa na nguvu tatu: vata ya upepo, pitta ya moto, kapha ya maji na udongo. Chakula nacho kina ladha sita: tamu, chachu, chumvi, kali, chungu na yenye ukakasi. Kali, chachu na chumvi huchochea pitta, ndiyo maana kakukataza achari. Mchana ndipo agni, moto wa kusaga chakula, unapokuwa na nguvu zaidi. Kichri usiidharau, hiyo ndiyo tunayompikia mgonjwa: mchele, choroko zilizokobolewa, manjano, bizari nyembamba. Ipike mpaka ilainike kabisa.

Mama_wa_Lamu:
Mwanangu, usione ni mambo ya Wahindi peke yao. Sisi Pwani tuna vyakula vya moto na vya baridi: tangawizi moto, madafu baridi. Hayo yametoka kwenye tiba ya Wayunani iliyotufikia kupitia Waarabu, njia nyingine na hiyo ya India, ila zote zinamtazama mtu kwanza kabla ya kutazama sahani. Kunywa madafu, acha pilipili. Mtu akikupa dawa asiyoweza kuitaja jina, mrudishie.

Mfamasia_Moro:
Mama kasema kweli, na hapo kwenye vidonge ndipo penye hatari. Tawi moja la Ayurveda, rasa shastra, huchanganya madini kwenye dawa kwa makusudi, zebaki ikiwemo. Mwaka 2008 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti wa dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa mtandaoni. Karibu moja katika kila tano ilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Vyako vinaweza kuwa salama, lakini bila lebo hakuna wa kukuhakikishia. Usimeze.

Kwenye chakula naachana naye kidogo tu. Kula mapema ni sawa kabisa: acha muda wa saa mbili au tatu kati ya mlo na kulala, na inua kichwa cha kitanda. Pilipili na nyanya, kama zinakuwasha, ziache. Samli punguza, kwa sababu mafuta mengi hukichelewesha chakula tumboni na kiungulia huongezeka. Maziwa hutuliza kwa muda, kisha tindikali inaweza kurudi. Samaki na maziwa ni katazo la zamani sana, limo kwenye Charaka Samhita, kitabu cha kale cha Ayurveda, ila sayansi haijaonyesha kuwa yanamdhuru mtu asiye na mzio.

Nenda hospitali ukapime bakteria wa tumbo, H. pylori, kwa choo au pumzi. Kama unatumia omeprazole, dawa ya kupunguza tindikali, mwambie daktari kabla, maana huachwa wiki mbili ndipo kipimo kisidanganye. Ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu, chakula kikikwama kooni au ukipungua uzito bila sababu, usingoje miadi, nenda siku hiyo hiyo.

Mwanafunzi_Pune:
Nashukuru sana ndugu zangu. Choo kiko sawa, uzito haujashuka. Omeprazole nilikuwa nanunua dukani bila kumwambia mtu. Vidonge vyeusi navirudisha. Swali moja: hosteli wanapika usiku sana, nami sina jiko. Nifanyeje na chakula cha jioni?

Bint_Kisutu:
Waombe jikoni wakuwekee wali na dal ya mchana kwenye kontena, na uihifadhi kwenye friji. Jioni waombe waipashe moto mpaka itoe mvuke. Cha usiku mpe mwenzako.

Mfamasia_Moro:
Nakubaliana naye. Na hiyo omeprazole usiiache ghafla kwa kusoma hapa. Muulize daktari kabla ya kupanga siku ya kipimo.