Milioni 4 kwa mashine ya milingi ya nyumbani: nichukue ipi?

Shafti40
Wakuu, heshima kwenu. Natafuta mashine ya milingi (ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka) ya kuweka bandani nyumbani, umeme ni fezi moja. Kazi kubwa ni mifereji ya kii (kipande cha chuma kinachofunga puli au gia isizunguke peke yake) kwenye shafti za mashine za kusaga, kipenyo milimita 25 hadi 40, na kusawazisha vipande vya chuma na alumini visivyozidi urefu wa milimita 150. Mashine ya kukereza ninayo. Nimeona njia tatu: ile ndogo ya Kichina aina ya X2, drili ya kusimama iliyofungwa jiriwa ya kusogea pande mbili, au kongwe la fezi tatu kwa wauza chakavu, karibu tani nzima. Mnashauri nini?

Mkerezaji
Drili itoe kwenye hesabu leo hii. Chaki yake (kibano cha kushika kisu) imeshikwa na koni fupi tu, hakuna bolti inayoivuta kutoka juu. Unapotoboa, nguvu inasukuma koni ndani na inazidi kubana. Unapochonga, nguvu inakuja ubavuni, koni inatikisika hadi inaachia, na chaki inashuka juu ya kazi huku bado inazunguka. Hata isipoanguka, taya tatu za chaki hazishiki vizuri kisu kigumu. Kinajivuta chini kidogo kidogo. Umepanga kina cha 4, unapima unakuta 5.

Jambo la pili, usimalize hela kwenye mashine. Tenga angalau theluthi kwa vifaa: jiriwa ya milingi ya 75 au 80 (kubwa kuliko hapo inaimeza meza ya X2), koleti za ER25 (vibano vya kushika kisu) na kishikio chake, bolti na vibano vya mifereji ya T, geji ya daili (ya kupima mchezo mdogo sana) yenye stendi, na visu vya 6, 8, 10 na 12. ER25 inabeba kisu hadi cha 16, inatosha.

Tani Moja
Msilidharau kongwe jamani, kwenye milingi uzito ni nusu ya kazi. Ila likague kabla ya kutoa hata shilingi:

Geji ya daili iguse spindo (mhimili unaozungusha kisu), kisha sukuma spindo kwa mpini wa mbao. Ikicheza zaidi ya milimita 0.03, beringi zinakudai. Zungusha mkono wa meza upande mmoja, rudisha, hesabu alama hadi meza ianze kusogea. 0.1 au 0.2 unaishi nayo, 0.5 nati ya skrubu ya meza imelika, na hiyo unaweza kuchonga mpya ya shaba nyeusi. Kisichotibika kwa bei nafuu ni njia za meza (reli inazotelezea): kaza meza mpaka katikati pasicheze, kisha ipeleke mwisho. Ikigoma mwishoni, katikati pamelika.

Halafu kibao cha mota. Kikiandika 220/380, unaifunga delta (waya za mota zikiunganishwa kwa volti ndogo, 220) na VFD ya fezi moja (kifaa kinachogeuza fezi moja kuwa tatu) inaiendesha bila shida. Kikiandika 380/660, VFD hiyo haitaipa nguvu yake kamili, hesabu mota nyingine kabisa. Na usiache swichi ya zamani kati ya VFD na mota. Kuwasha na kuzima kufanyike kwenye VFD yenyewe, la sivyo utaiua.

Shafti40
Asanteni. Sakafu yangu ni zege jembamba na mlango ni sentimita 80, kwa hiyo kongwe limejitoa lenyewe. Hiyo X2, ni kweli gia zake ni za plastiki?

Mkerezaji
Nyingi ndivyo zilivyo. Gia zinakatika kisu kikikwama au ukitumia kisu kipana cha jino moja kinachogonga kila mzunguko. Agiza seti ya akiba pamoja na mashine, au chukua toleo la mkanda: mkanda unateleza, gia inavunjika. Nguzo inayoinama pembeni ndiyo udhaifu wake mkubwa, kwa hiyo kaza nati yake ya nyuma kwelikweli, kisha funga geji kwenye spindo na uizungushe juu ya meza kwa duara. Tofauti ya kushoto na kulia ikizidi 0.02, legeza, gonga kidogo, kaza, pima tena. Inachosha, lakini ukiiruka utaona ngazi kwenye kila uso unaosawazisha.

Ulizia pia koni ya spindo kabla ya kununua vishikio. Kuna za MT3 na za R8, na haziingiliani. Ukipata ya MT3, kutoa kishikio ni kulegeza bolti ya juu nusu mzunguko na kuigonga kwa nyundo ya shaba. Usiitoe yote kwanza, utaharibu nyuzi.

Kwa shafti ya 25, kii ni ya 8 na kina kwenye shafti ni 4. Usitumie kisu cha 8 moja kwa moja, kwenye mashine laini kama hiyo kinayumba na mfereji unatoka mpana, kii inacheza. Tumia cha 6, meno mawili, mizunguko kama 1,000, ushuke 0.5 kila pasi mara nane. Kisha panua kila upande kidogo kidogo, ukijaribisha kii yenyewe. Ukipanua, meno ya kisu yaende kinyume na mwendo wa kazi. Yakienda nao, ule ulegevu wa skrubu ya meza unaifanya meza inyakuliwe na kisu kinavunjika.

Tani Moja
Na funga breki za meza za upande usiosogea. Watu wanazisahau, kisha wanalaumu mashine.