Naomba ushauri: bamba la kumeza maikrowevu linalorekebishwa kwa volteji

Mwana_Kampemba: Jambo wakubwa. Niko Lubumbashi, mwaka wa mwisho wa elektroniki. Kazi yangu ya kumaliza masomo ni bamba linalomeza mawimbi ya 2.4 GHz, na masafa hayo niweze kuyasogeza kwa volteji. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bilkent, Uturuki, walidhibiti kwa volteji kiasi cha maikrowevu kinachomezwa, wakitumia grafini (utando mwembamba sana wa kaboni). Mimi grafini siipati, na promota (mwalimu anayesimamia kazi yangu) anadai vipimo, si hesabu za kompyuta tu. Nishike njia gani?

Fundi_Katuba: Mdogo wangu, tafuta diodi za varakta. Tyuna (sehemu ya kushika stesheni) za televisheni za zamani, zile za kasha la bati, zinazo. Pitia kwa mafundi wa soko la Kenya. Ukiongeza volteji ya kinyume, kapasitansi ya diodi (uwezo wake wa kuhifadhi chaji) inashuka na masafa yanapanda. Ila zilitengenezwa kwa masafa ya TV, kwa hiyo shuka hadi 800 MHz.

Mama_Antena: Kaka Fundi, hapo sikubali. Kwa 800 MHz urefu wa wimbi ni sentimita 37, bamba litapita mita moja na diodi zitakuwa mamia. Abaki na 2.4, aagize varakta chache mpya, apime ndani ya mwongozawimbi, yaani bomba la chuma linalopitisha mawimbi. Bati la shaba halikosekani kwetu: kunja bomba la mstatili, ndani milimita 86 kwa 43. Weka seli mbili tu za bamba lako (vipande vinavyojirudia) mwishoni, nyuma yake chuma. Mwanangu, andika wazi kwamba humo wimbi linafika kwa mshazari, karibu digrii 47, la sivyo watakubana siku ya utetezi. Kwanza pima chuma kitupu, kinachorudisha mawimbi yote, ndiyo sifuri yako. Ukiona wimbi linalorudi limeshuka hadi −10 dB, asilimia 90 ya nguvu imemezwa. NanoVNA, kifaa kidogo cha kupima mawimbi yanayorudi, inayofika 3 GHz inatosha.

Fundi_Katuba: Hilo la bomba ni zuri kuliko langu. Lakini usifungue oveni ya maikrowevu kutafuta chanzo cha mawimbi. Kapasita yake inaua hata ikiwa imechomolewa.

Mwana_Kampemba: Asanteni sana. Na umeme ukikatika katikati ya vipimo?

Mama_Antena: Betri tatu za 9 V mfululizo, potenshiometa, kisha rezista ya kilo-omu 100 kwenda kwenye diodi. Varakta karibu haili mkondo, betri hazitaisha upesi. Angalia tu diodi uliyoagiza inavumilia volti ngapi.