Elimu ya Marekani: tunasifia shule ipi hasa?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Kila tukigusa elimu lazima atokee mtu aseme "angalieni Marekani", na mwingine amjibu kwamba watoto wa kule hata hesabu hawajui. Mimi naona wote wawili wanabishania kitu ambacho hakipo. Kule hakuna mtaala mmoja wa taifa wala mtihani kama wetu Tanzania wa darasa la saba, nchi nzima siku zile zile. Kuna wilaya za shule kama 13,000, nyingi zikiwa na bodi iliyochaguliwa na wakazi, na sehemu kubwa ya fedha zake ni kodi ya majengo ya pale pale.

Kwenye hiyo kodi ndiko kwenye kidonda. Mwaka 1968 mjini San Antonio, Texas, wanafunzi wa sekondari ya Edgewood walitoka madarasani wakaandamana, wamechoka na majengo mabovu na walimu wasio na sifa. Wazazi wakaenda mahakamani, Demetrio Rodriguez akiwa mbele. Hesabu za kesi zinasikitisha: Edgewood, eneo la Wamarekani wenye asili ya Meksiko, ilikuwa na dola 356 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Alamo Heights, mji huo huo, dola 594. Na waliokuwa wakijitoza kiwango kikubwa zaidi cha kodi ni Edgewood! Nyumba za bei ya chini, uzikamue vipi? Mwaka 1973 Mahakama ya Juu, majaji watano kwa wanne, ikasema katiba ya nchi haiitambui elimu kuwa haki ya msingi. Wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Anayeutetea mfumo huu aje.

Mchangiaji wa kwanza

Nipo. Mkuu, hadithi umeikatia njiani. Mwaka 1989 mahakama ya juu ya jimbo lenyewe la Texas ilisema, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba ugawaji ule unavunja katiba ya jimbo. Mwaka 1993 ikaja sheria ya kuzichota wilaya tajiri. Watu wakaibandika jina la Robin Hood, yule mporaji wa hadithi za Kiingereza aliyewanyang'anya matajiri akawapa maskini. Matajiri wanalalamika hadi leo.

Halafu mbona hutaji 1982? Mahakama ile ile ya taifa, kesi ya Texas vilevile, iliamua kwamba mtoto asiye na karatasi za uhamiaji hafukuzwi shule ya umma. Na tangu sheria ya 1975 mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kufundishwa kadiri ya hali yake. Dada yangu ana mtoto mwenye usonji kule. Walimu wanakaa naye mezani, wanaandika mpango wa mtoto yule peke yake, na mama asiporidhika anaweza kuwashtaki. Wangapi hapa tunaweza kuishtaki shule?

Mchangiaji wa pili

Mimi niko huku Marekani, acheni niseme. Kidato cha nne nilipata sifuri. Najua nyumbani unaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, lakini mnajua wenyewe mtu wa sifuri anavyotazamwa. Huku nilifanya mtihani wa GED, unaokupa cheti sawa na cha kumaliza sekondari, nikiwa na miaka 31, nikaingia chuo cha jamii (vile vya miaka miwili), masomo jioni baada ya zamu, kisha kozi zangu zikahamishiwa chuo kikuu nikaanzia mwaka wa tatu. Hakuna aliyeniuliza habari za NECTA, baraza letu la mitihani. Hapo nawavulia kofia.

Sasa deni. Mikopo ya wanafunzi ya serikali kuu imepita dola trilioni 1.6, na hata ukifilisika ni vigumu ikufutike. Biden alijaribu kusamehe sehemu, mwaka 2023 mahakama ikamzuia. Mnaoilalamikia Bodi ya Mikopo, njooni tulie pamoja.

Mchangiaji wa tatu

Hesabu wakuu, hesabu! PISA ya 2022, ule mtihani wa kulinganisha wanafunzi wa miaka 15 wa nchi mbalimbali: Marekani 465, wastani wa nchi za OECD (umoja wa nchi nyingi tajiri) 472, Singapore 575. Nchi yenye utajiri ule?

Mleta mada

Kwenye kusoma walipata 504, juu ya wastani wa 476, hilo umelifumbia macho. Lakini namba hizo zote ni Edgewood na Alamo Heights zilizokorogwa kwenye sufuria moja. Ukionja huwezi kujua nani alikula nini.

Dada wa huko Marekani, samahani kwa kukuchimba: mlipotafuta nyumba, shule iliingia kwenye hesabu?

Mchangiaji wa pili

Kaka, shule ndiyo ilikuwa hesabu yenyewe. Tulikuwa na vyumba viwili, tukahamia vyumba viwili vilevile ng'ambo ya barabara kuu, kwa sababu mpaka wa wilaya ya shule unapita katikati ya barabara hiyo. Kodi ya pango ikapanda dola 400 kwa mwezi. Mume wangu akaongeza zamu ya usiku. Jikoni kwetu naliona paa la ile shule ya zamani.