Panya wa maabara kwa picha za figo: huku kusini tuwapokee?

Mleta mada (Shangani, Mtwara)
Wakuu, habari za kutwa. Chuo au hospitali ya Mtwara au Lindi ikitaka kufuga panya kwa ajili ya utafiti wa picha za figo, tuunge mkono au tukatae? Sina mradi wowote ninaousemea. Naileta mada mapema kwa kuwa mijadala ya namna hii huwa tunaianza jengo likiwa limeshaezekwa.

Mimi naunga mkono, kwa sharti moja: mtu wa kuwaangalia wanyama aajiriwe kabla mashine haijanunuliwa.

Sababu iko kwenye figo zenyewe. Karibu sehemu ya tano ya damu inayosukumwa na moyo hupita humo, kwa hiyo chochote kinachoyumbisha presha kinaonekana kwenye picha. Sasa panya huwezi kumwambia atulie ndani ya MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Analazwa kwa dawa ya kuvuta, isofluraini, kwanza kwenye kisanduku, kisha kwa barakoa ndogo puani. Dawa hiyohiyo inashusha presha na kupoza mwili. Mnyama wa gramu 25 hupoteza joto haraka mno, hivyo chini yake inawekwa pedi inayopitishiwa maji ya uvuguvugu, na kipimajoto kinaingizwa njia ya haja kubwa ili abaki kwenye nyuzi 37 hivi. Kifuani kuna kimto cha hewa cha kuhesabia pumzi. Machoni anapakwa mafuta, maana akishalala hapepesi na macho yanakauka. Hata hewa anayovuta ina mambo yake: mpe oksijeni tupu leo na hewa ya kawaida kesho, picha ya oksijeni ya figo itabadilika, nawe utaandika kwamba dawa unayoijaribu imefanya kazi.

Na maji. Panya hana uwezo wa kutapika, kwa hiyo hakuna sababu ya kumfungisha usiku kucha kama mgonjwa anayesubiri upasuaji. Ukimnyima maji ndiyo umeharibu kabisa, maana figo yenye kiu haifanyi kazi kama figo iliyoshiba maji.

Mnyama aliyetunzwa vibaya anatoa picha ya uongo. Ndiyo maana siingii kwenye ubishi wa "huruma au sayansi". Hapa vyote viwili vinadai kitu kimoja.

Mwana Newala
Mkuu umenichekesha! Sisi tunaotega panya wa shambani tukawabanika, leo tuwatandikie pedi ya maji ya uvuguvugu?

Mleta mada
Wa mtegoni anakufa mara moja na hakuna anayemuuliza swali. Huyu wa maabara utakaa naye wiki nyingi, unampiga picha leo, mwezi ujao tena. Na hapo picha zina faida yake: zamani ukitaka kuona figo inavyoharibika hatua kwa hatua, kila hatua ulichinja kundi jingine. Sasa mnyama yuleyule anafuatiliwa akiwa hai, idadi inapungua. Waingereza wawili, Russell na Burch, walishasema mwaka 1959: tafuta mbadala wa mnyama, ukikosa tumia wachache, na hao wachache wapunguzie maumivu.

Muuguzi Ligula
Kaka, unaandika vizuri lakini umeanzia juu ya paa. Mtu wa kijijini anakuja kwetu miguu imeshavimba, kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, hajawahi kupimwa maishani. Fedha ya pedi na kimto cha panya ingepima wangapi? Halafu figo ya panya si ya mtu. Yake ndani ina piramidi moja tu, yaani kipande chenye umbo la pia, ya kwetu ina piramidi nyingi. Anayetukaribia kwa umbo ni nguruwe, na huyo mtamfugia wapi hapa mjini, mkamuulize Ustadhi.

Ustadhi wa Lindi
Nguruwe mwacheni alipo. 😀 Mimi nakumbusha hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka. Alimfungia, hakumpa chakula wala hakumwachia akajitafutie. Ukishamfungia kiumbe, riziki yake iko shingoni mwako. Kwa hiyo dada yangu na mleta mada wote nawauliza: usiku nani anakwenda kuwatazama?

Mkulima Tandahimba
Mnabishana panya na nguruwe. Kila msimu tunapuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, vumbi tunalivuta sisi na watoto. Nani amenipimia linafanya nini kwenye figo zangu? Kama panya watanipa jibu, waje hata kesho.

Muuguzi Ligula
Mzee wangu, swali lako ni la haki, lakini anza na mkojo na damu ya wapuliziaji wenyewe. Wapo, wana majina, na wewe mmojawapo. Panya aje baadaye, akihitajika.

Mleta mada
Hapo dada umenibana, na kwa salfa nakubali: watu kwanza. Ila dawa mpya, au mti shamba ambao hakuna anayejua kipimo chake, huwezi kuanzia kwa mzee wa Tandahimba.

Fundi Mikindani
Umeme ukikatika katikati ya picha? Panya amelala, pedi inapoa. Na joto letu la Novemba pamoja na unyevu wa bahari, hicho chumba chao kitakaa nyuzi 22 kwa miujiza gani?

Mleta mada
Kwa jenereta inayowaka yenyewe, na fundi kama wewe mwenye mkataba. Pasipo na hivyo, kazi isianze. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, karatasi si tatizo letu.

Muuguzi Ligula
Bado Ustadhi hajajibiwa. Jumamosi usiku zamu ya nani? Siku ya Idi? Nimefanya zamu, najua daftari linavyojazwa asubuhi kwa mkupuo, joto 37, 37, 37, kalamu moja. Mpaka nione hilo limedhibitiwa, kura yangu ni hapana.

Mleta mada
Basi orodha ya zamu iambatanishwe kwenye maombi ya kibali, jina kwa jina, sikukuu zikiwemo, na kipimajoto kijirekodi chenyewe. Kamati isipoviona, isigonge muhuri.

Muuguzi Ligula
Andika hivyo kwenye mada yako pale juu, halafu tuanze upya kuhesabu kura.