Nipo Michigan na kura ya rais ya 2024 inanishinda: Harris shingo upande, au chama cha tatu? Naombeni ushauri

binti_wa_Kilosa:
Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni.

Naishi Grand Rapids. Uraia nimeupata baada ya uchaguzi wa 2020, kwa hiyo hii ndiyo mara yangu ya kwanza kumchagua rais wa nchi hii. Karatasi ya kura imeshaletwa na posta. Kila nikiitoa naishia kuirudisha kwenye bahasha.

Niseme msimamo wangu mapema tusizungushane. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nataka bima ya afya ya serikali kwa kila mtu, nataka kima cha chini cha mshahara cha taifa kitoke kwenye dola 7.25 kwa saa kilipoganda tangu 2009, na nataka mabomu yaache kupelekwa Gaza. Trump wa Republican simpi, hilo halina mjadala.

Shida ni huyu mwingine. Mwaka 2019 Kamala Harris wa Democrat alipokuwa anautafuta urais alizungumzia bima ya afya kwa wote, na akasema atapiga marufuku uchimbaji wa gesi kwa kupasua miamba. Yote mawili kayatupa. Mwezi wa Nane, kwenye mkutano mkuu wa chama pale Chicago, watu waliomba Mmarekani mmoja tu mwenye asili ya Palestina apewe dakika chache jukwaani, wakanyimwa. Halafu mwezi huu namwona Liz Cheney, Republican wa kuzaliwa, anasimama naye kwenye kampeni. Kwa hiyo mlango upo wazi, ila si wa upande wangu.

Mwezi wa Pili kwenye mchujo wa kuteua mgombea wa Democrat niliweka alama kisanduku cha wasiofungamana na mgombea yeyote. Tulikuwa zaidi ya 100,000 Michigan nzima. Sijaona tulichopata.

Kwenye karatasi yumo Jill Stein wa chama cha Green, yumo Cornel West, mgombea huru. Nikiwataja hao mume wangu ananuna, anasema nampa Trump nchi. Waliowahi kukwama hapa walifanyaje? Matusi sitaki.

chapa_ilale:
Mume kununa ndiyo mada kuu hapa, hayo mengine ni mapambo. Nimekaa pembeni nasoma komenti.

Mzee_wa_Dallas:
Marahaba mwanangu. Mimi nampa Green na silali macho. Lakini nipo Texas, na Texas mara ya mwisho kumchagua rais wa Democrat ilikuwa 1976, Jimmy Carter. Kura yangu huku haimnyimi mtu kitu, naipeleka ninapopenda. Wewe Michigan huna starehe hiyo. Usichukue ushauri wa mtu wa jimbo ambalo matokeo yake yanajulikana kabla ya kura kupigwa, mimi nikiwa wa kwanza.

Otieno_Lansing:
Dada, sisi Wakenya tumezoea kitu ambacho huku hakipo. Nyumbani rais lazima apate nusu ya kura na moja zaidi, pamoja na asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47, la sivyo ni duru ya pili. Kwa hivyo duru ya kwanza unaweza kumpa unayempenda, ya pili ukazuia usiyemtaka. Hapa duru ni moja tu. Michigan ina kura 15 za wajumbe wanaomchagua rais, na anayeongoza hata kwa kura moja anazibeba zote 15. Wa pili na wa tatu wanakwenda nyumbani mikono mitupu. Mwaka 1992 Ross Perot, mgombea huru, alipata karibu asilimia 19 ya kura za nchi nzima. Wajumbe alipata wangapi? Sufuri.

Ndiyo maana vyama ni viwili. Si kwamba Wamarekani wote wana mawazo mawili.

mtu_wa_Bukavu:
Otieno amesema kweli. Kwetu Kongo duru ya pili ilikuwepo 2006. Mwaka 2011, kabla ya uchaguzi, wakabadilisha katiba wakaiondoa. Rais Joseph Kabila akashinda na kura zisizofika nusu, wapinzani wamegawana zilizobaki. Wakubwa wanajua vizuri kazi ya hesabu hiyo. Mama, mimi niko Grand Rapids pia, na mimi nitampa Harris bila kumpenda.

kushoto_kabisa:
Naona wote mnamsukuma dada kwa woga. Miaka yote wimbo ni huohuo, "safari hii ni hatari, subirini ijayo." Chama kikijua kura yako ni ya bure, kitakupa nini? Kitaenda kumbembeleza Cheney, kwa sababu Cheney anaweza kuondoka na wewe huondoki. Kura kwa Stein ndiyo bei pekee tuliyo nayo. Tena Green wakifika asilimia 5 nchi nzima wanapata fedha za serikali kwa uchaguzi unaofuata.

Otieno_Lansing:
Hiyo asilimia 5 naisikia tangu nije. Ralph Nader wa Green mwaka 2000 alikuwa maarufu kuliko Stein na hakufika hata 3. Florida alipata kura zaidi ya 97,000, Bush wa Republican akamshinda Gore wa Democrat huko kwa kura 537. Sasa niambie, hiyo adhabu iliwafunza nini Democrat? Mwaka 2004 walimsimamisha John Kerry, seneta aliyepiga kura kuruhusu vita vya Iraq. Chama kikishindwa hakisemi "tuliwaudhi watu wa kushoto." Kinasema "tulikwenda kushoto mno."

Na hapahapa Michigan, 2016: Trump alimshinda Hillary Clinton wa Democrat kwa kura 10,704. Stein alikuwa na zaidi ya 51,000.

kushoto_kabisa:
Hizo 51,000 si mali ya Clinton. Nani kakuambia bila Stein wangetoka nyumbani? Mwaka huohuo watu zaidi ya 70,000 wa Michigan walikwenda kupiga kura, wakajaza nafasi nyingine, ya rais wakaiacha tupu. Hao mbona hamwasemi? Alaumiwe mgombea aliyewashinda kuwavuta.

Mzee_wa_Dallas:
Hapo una hoja, kijana.

Shangazi_Portland:
Mwanangu wa Kilosa, nipo Maine. Huku tunapanga wagombea kwa namba: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa kwanza wako akitolewa, kura yako inahamia kwa wa pili. Mwaka 2018 kiti kimoja cha Bunge la Marekani kilipatikana hivyo: Poliquin wa Republican aliongoza hesabu ya kwanza bila kufika nusu, kura za wagombea huru zilipogawiwa upya Golden wa Democrat akapita. Hakuna aliyemnunia mwenziwe nyumbani. Na hatukupewa na vyama, wananchi waliipitisha wenyewe kwa kura ya maoni mwaka 2016. Michigan nanyi mna haki ya kupeleka hoja kwenye karatasi kwa kukusanya sahihi. Hasira yako ipeleke huko ukimaliza na hii Novemba.

La pili, wewe unadai chaguo mwezi wa Kumi na Moja, wakati chaguo lenyewe hufanyika mwezi wa Nane wakati watu wako ziwani wanachoma nyama. Mbunge Rashida Tlaib wa Detroit alishinda mchujo wa 2018 kwa kura kama 900 tu. Mia tisa! Hiyo ni sherehe moja kubwa ya harusi ya Kitanzania. Ilhan Omar, aliyepita kambi ya wakimbizi Mombasa akiwa mtoto, naye aliingia kwa mlango huo wa mchujo, Minneapolis.

binti_wa_Kilosa:
Shangazi nakuelewa, lakini mchujo wa rais mwaka huu ulikuwa kama wa mtu mmoja. Biden. Akajitoa mwezi wa Saba, na Harris akapokea nafasi bila mimi wala mwingine kumpigia mchujo. Mnaniambia nipite mlango ambao ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata Cheney.

Shangazi_Portland:
Kweli kabisa, mchujo wa rais mlinyimwa. Nilikuwa nasema wa bunge na wa jimbo. Kwa rais sina dawa ya kukupa.

green_card_2020:
Mimi sina nadharia. Mwaka 2020 Trump aliwafungia Watanzania bahati nasibu ya viza. Biden aliifuta amri hiyo siku ya kwanza ofisini. Vyama vyote viwili vinaweza kuwa vibaya na bado tofauti yao ikawa ndugu yako kupanda ndege au kubaki. Sasa hivi mtu anaahidi kufukuza wahamiaji kwa mamilioni, na kwenye mdahalo anasema Wahaiti wa Springfield, Ohio, wanakula mbwa na paka. Hata waliokuandalia kile kisanduku cha mwezi wa Pili walitoa tamko mwezi wa Tisa: Harris hawamuungi mkono, Trump wanampinga, na chama cha tatu hawakishauri katika majimbo ya ushindani.

kushoto_kabisa:
Na wa Gaza nao wana ndugu. Naachia hapo.

binti_wa_Kilosa:
Nimewasoma wote, asanteni. Bukavu, tutafutane, kumbe tupo mji mmoja. Swali la kitaalamu: nikijaza nafasi zote nikaacha ya rais tupu, karatasi inaharibika? Hilo la watu 70,000 limenikaa kichwani.

Otieno_Lansing:
Haiharibiki. Nafasi utakazojaza zinahesabiwa, ya rais inarukwa tu. Ila kuna mtego: pale juu kuna sehemu ya kuchagua chama kizima kwa alama moja. Ukiigusa hiyo, halafu ukaacha rais tupu, mgombea wa chama hicho ndiye anapata kura yako. Usiiguse. Nenda nafasi moja moja. Ugombea wa useneta mwaka huu unabana sana, usiupite. Geuza na upande wa pili, huko kuna majaji wa Mahakama ya Juu ya Michigan na mara nyingi bodi ya shule, na watu wengi hawafiki. Ukimaliza tia sahihi kwenye bahasha, bila sahihi haihesabiwi. Posta usiiamini wiki ya mwisho, ipeleke mwenyewe kwa karani wa mji au kwenye sanduku lake.

chapa_ilale:
Na mume je?

binti_wa_Kilosa:
Useneta, majaji na bodi ya shule nimeshajaza. Ya rais nitajaza Jumapili akiwa zamu, na hataambiwa.